Miaka Miwili ya Zuwena

Kibaha
Alhamisi, 7 Agosti 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Barua hii utaletewa na bi Sikudhani kesho akirudi kutoka kwenye biashara yake ya mama lishe Zegereni. Usimpe aisome, ananitania sana. Simu shuleni bado ni marufuku, kwa hiyo vumilia mwandiko wangu.

Jana walikuja madaktari kutupima wanamichezo wote, wakaanza na sisi wa riadha. Unalala, wanakubandika vibandiko kifuani, mikononi na miguuni, kila kimoja na waya wake, halafu mashine inachora moyo wako kwenye karatasi yenye vimraba vyekundu. Haiumi. Mwenzangu Recho alicheka mpaka wakamrudia mara tatu.

Moyo wangu unapiga mara arobaini na sita kwa dakika. Wa Recho hamsini na nane. Nikaona hapo nimemshinda, lakini daktari aliikodolea macho karatasi yangu, akamwita mwenzake, wakanong'ona Kizungu. Wakaniuliza kama nimewahi kuanguka nikikimbia. Nikasema sijawahi. Akasema kila pigo langu linaishia na kilima ambacho kingetakiwa kupanda, ila kwangu, kwenye nyaya za mbele ya moyo, kinashuka. Ataipeleka kwa bingwa wa moyo Dar, kisha atatuletea jibu. Nimekuchorea hapo chini ujionee.

Mwalimu Ipyana anasema nisiwaze. Ninachowaza ni majina ya timu. Mbio za mkoa ni tarehe 20 Septemba, za walio chini ya miaka kumi na sita, na mita mia nane mwaka huu sitaki kuwa wa tatu tena.

Naomba kashata, zile za nazi.

Mwanao,
Zuwena


Kisarawe
Jumapili, 10 Agosti 2025

Mwanangu Zuwena,

Marahaba mama. Sisi wazima, mimi tu ndiyo tangu Ijumaa siko sawa. Barua nimeisoma mwenyewe mara nne, polepole, na kila nikifika pale pa moyo narudi mwanzo labda nimeruka mstari.

Mara arobaini na sita mbona kidogo hivyo? Nimejishika mkono nikahesabu wangu kwa saa ya ukutani ya ami yako Mwinyijuma, nimepata tisini na kitu. Nikamshika mbuzi, nikashindwa kuhesabu. Sasa wewe unapiga nusu yangu na bado unakimbia, hiyo nguvu unaitoa wapi? Ami yako anasema mbio zinautanua moyo kama mpira, ukitanuka sana haurudi. Mimi sijui kama anajua au anaongea tu, unamfahamu.

Ile picha uliyochora nimeigeuza juu chini. Nikiigeuza, vile vilivyoinama vinasimama, ila vile vilivyosimama vyote vinainama, nikaona bora nirudishe tu kama ulivyoleta. Kwani ulilala vizuri siku hiyo? Isije kuwa vibandiko walivibandika chini juu.

Nakutumia kashata, na bitiruti sita na rozela kavu, chemsha unywe asubuhi. Na ukiwa unakimbia ukasikia chochote, hata kamba ya kiatu kukubana, simama.

Jibu la bingwa likija usinifiche. Ukinificha nitajua.

Mama yako,
Biubwa


Kibaha
Alhamisi, 21 Agosti 2025

Mama,

Shikamoo. Kaa vizuri ndipo usome. Jibu limekuja na ni zuri.

Daktari alirudi jana. Anasema kupiga polepole ni kwa sababu ya mazoezi, moyo umepata nguvu hivyo hauna haja ya kuhangaika. Na vile vilima vilivyoshuka ni kawaida kwa mtoto, moyo bado una tabia za utotoni, ukifika miaka kumi na sita hivi vinapanda vyenyewe. Aliangalia fomu yangu, akaona nina kumi na tano, akapiga muhuri. Kasema ningekuwa na kumi na saba asingeniruhusu niguse hata kiatu, angenipeleka Dar kwanza kwa vipimo vingine. Nikamwambia basi nimshukuru mama aliyenizaa kwa kuchelewa, wote wakacheka.

Na timu imetoka. Jina langu ni la pili.

Bitiruti nimegawana na Recho, midomo yetu ilikuwa myekundu darasani, tukatolewa nje.

Sasa lala usingizi, mama.

Zuwena


Kisarawe
Jumapili, 24 Agosti 2025

Mwanangu,

Nimefurahi. Nimefurahi kwamba unajisikia vizuri.

Lakini Zuwena mimi naomba usikimbie hizo mbio za tarehe ishirini. Usiniulize kwa nini. Mwambie Mwalimu Ipyana mguu unakuuma. Mwaka ujao zitakuwepo nyingine, na hata zisipokuwepo hujapungukiwa kitu, ulikwenda huko kusoma.

Najua daktari kasema. Mimi simbishii daktari, yeye kasoma. Ila daktari anasema kulingana na anachoambiwa, na mimi ni mama, kuna vitu navijua ambavyo karatasi haivijui. Sijui niandike vipi. Nimeanza barua hii tangu alfajiri, hii ni karatasi ya tatu, nyingine nimewashia jiko.

Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu nikakikosa.

Mama yako,
Biubwa


Kibaha
Jumatano, 27 Agosti 2025

Mama,

Shikamoo.

Nimesoma barua yako na sijaielewa. Majuzi ulitaka nikuambie jibu la daktari. Nimekuambia. Jibu ni zuri, wewe unataka niseme uongo kuhusu mguu.

Najua hii si sauti yako. Ni ami Mwinyijuma. Alishasema msimu ule aliponiona na kaptura kwenye picha, kwamba msichana wa umri wangu watu wataanza kumsema, na kwamba pale kwa rafiki yake Maneromango kuna mtu anauliza habari zangu. Sikukuambia kwamba nilimsikia. Nilimsikia.

Kama ni hilo, niambie tu. Usipitie kwenye moyo wangu.

Mimi nitakimbia, mama. Nimeamka saa kumi na moja kila siku tangu Januari. Ukitaka nisikimbie, nipe sababu ambayo naweza kuisoma.

Zuwena


Kisarawe
Jumapili, 31 Agosti 2025

Kwa Mwalimu Ipyana, mwalimu wa michezo,

Salaam mwalimu. Mimi ni mama wa Zuwena Kitwana, yule mwembamba wa mita mia nane. Nakushukuru kwa kunilelea mwanangu. Ningekupigia, lakini simu tunayotumia hapa ni ya shemeji yangu na huwa anaweka sauti ya nje, jambo lenyewe si la kusikilizwa na ukumbi mzima.

Nina swali, si la Zuwena. Kuna mtoto wa jirani yangu hapa, naye ni msichana, naye anakimbia. Naye kapimwa na mashine kama yenu, vilima vikaonekana vimeshuka. Akaambiwa ni utoto, vitapanda. Sasa huyo jirani yangu hana uhakika na umri wa mtoto. Cheti kinasema kumi na tano. Lakini huenda ana kumi na sita, au kumi na saba, jirani mwenyewe kachanganyikiwa, miaka mingi imepita.

Ndiyo nauliza, kwa wewe unayekaa na hao madaktari, mwaka mmoja au miwili inabadilisha nini? Moyo si ni ule ule? Na ikiwa inabadilisha, huyo jirani akisema ukweli mtoto atafukuzwa shule? Cheti akibadilishe wapi, na atafungwa?

Usimwambie Zuwena nimekuandikia, tuna ugomvi mdogo.

Wako,
Biubwa, mama Zuwena


Kibaha
Alhamisi, 4 Septemba 2025

Mama Zuwena,

Habari za huko. Swali lako nimelipeleka kwa daktari yule yule aliyetupima, bila kutaja jina la mtu yeyote, maana hukunipa jina.

Amenijibu hivi. Moyo ni ule ule, lakini namna ya kuusoma inategemea umri. Vilima vya namna hiyo kwa mtoto wa kumi na tano huwa ni ukuaji tu. Kwa wa kumi na saba vinaweza kuwa si kitu, na vinaweza kuwa dalili ya kwanza ya msuli wa moyo kuumwa. Wenye ugonjwa huo mara nyingi hawasikii chochote. Wanaonekana wazima kuliko sisi wote, hadi siku moja mmoja wao anaanguka katikati ya mbio na hainuki. Kwa hiyo wa kumi na saba hakimbii kwanza. Anapigwa eko, ni kama ile altrasaundi ya wajawazito, ila ya moyo.

Kuhusu shule: huyo mtoto hakujiandikia cheti mwenyewe, mimi sioni wa kumfukuza. Mashindano ya umri ule atayakosa, hilo siwezi kulizuia, na kama ameshashinda kitu huko nyuma kitarudishwa. Cheti kinarekebishwa wilayani, kwa kiapo na ushahidi.

Naomba umwambie jirani yako ahakikishe umri, na asikae nao. Sisi tunaondoka tarehe 19.

Ipyana


Kisarawe
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mwalimu Ipyana,

Hakuna jirani. Nadhani ulijua.

Nimechelewa wiki nzima kwa sababu nilitaka nikuandikie umri wenyewe, si wa kubahatisha, maana ningekuandikia kwamba sijui, ungelifanyia nini hilo sijui. Mwenyewe kweli nilikuwa nimechanganya. Ukidanganya kitu miaka kumi na moja unafika mahali unakiamini. Kila mwaka shule ikiuliza nasema kile cha karatasi, mpaka nikawa nabishana moyoni na mimi mwenyewe niliyemzaa.

Ilikuwa hivi. Watu wa vyeti walikuja ofisi ya kata, wanatoa bure kwa walio chini ya miaka mitano. Aliyezidi mpaka wilayani, ulipe, ulete barua ya mtendaji, uende urudi. Kadi yake ya kliniki ilishaharibika na mvua paa lilipoezuka. Zuwena alikuwa na sita na alikuwa kadogo, kama unavyomwona. Nikamfunga mgongoni kwa kanga kama mchanga, miguu inaning'inia hadi kwenye mapaja yangu, nikamwambia lala, usifumbue macho mpaka tufike nyumbani. Kwenye foleni walinicheka wanawake wawili, na wao walikuwa wamebeba wa kwao hivyo hivyo. Yule karani hakuinua kichwa. Akauliza lini, nikasema mwaka elfu mbili na kumi, mwezi wa kwanza tarehe moja, hata sijui kwa nini nilisema tarehe moja. Akaandika. Niliona nimefanya jambo la maana siku hiyo. Nilinunua sukari.

Alipokuja kuanza shule akawa mkubwa kuliko wenzake kidogo, nikasema kheri, hataonewa. Alipoanza kukimbia na kuwashinda wenzake nikafurahi kama wengine. Wallahi sikufikiria kwamba anawashinda miaka miwili.

Jumatano nilikwenda Maneromango kwa mama Bilali. Huyo alikuja kunitazama uzazi Zuwena akiwa wa siku tatu, na uchungu ukamshika mlangoni kwangu, wakamkimbiza zahanati. Yeye kadi anayo, kaihifadhi kwenye mfuko wa nailoni. Bilali kazaliwa tarehe 3 Juni 2008. Toa siku tatu. Zuwena ni wa tarehe 31 Mei 2008. Ana kumi na saba.

Nilihesabu kwa vidole mbele ya mama Bilali, akaniuliza mbona unalia, nikamwambia vumbi.

Bi Sikudhani anaondoka kesho alfajiri, nimemwambia akukabidhi wewe mkononi, si getini, na asiondoke mpaka umefungua. Mtoe kwenye mbio. Mwambie ni mimi. Usimwambie ni daktari wala ni karatasi.

Biubwa


Kibaha
Jumatano, 24 Septemba 2025

Mama,

Shikamoo.

Mwalimu Ipyana alinipa barua yako niisome mwenyewe. Aliniacha nayo chumba cha vifaa, akakaa nje.

Timu ilikwenda bila mimi. Recho alikimbia mahali pangu, akawa wa tano. Medali ya mwaka jana nimeirudisha, alama zangu zimefutwa na shule imeshuka, na ya kupokezana vijiti, ambayo ni ya watu wanne, Recho mmoja wao, imerudishwa nayo kwa sababu nilikuwemo. Recho haongei na mimi. Sikumwambia ni wewe. Nilisema nilijua.

Jumatatu mwalimu alinipeleka Dar. Wakanipaka mafuta ya baridi kifuani, nikauona moyo wangu kwenye skrini. Unafungua na kufunga kama samaki anayevuta maji. Bingwa anasema msuli umenenepa kidogo. Si sana. Unaweza kuwa umenenepa kwa mazoezi, na unaweza kuwa umenenepa kwa ugonjwa, na kwa sasa yeye mwenyewe hawezi kutofautisha. Njia ni moja: nisikimbie kabisa miezi mitatu. Hata kufukuza kuku. Tarehe 22 Desemba wanapima tena. Ukipungua, ilikuwa ni mbio tu. Usipopungua, ndio ugonjwa wenyewe.

Kwa hiyo sijui kama umeniokoa au umenivunjia mwaka bure. Asubuhi naamini hili, jioni lile. Saa kumi na moja naamka kama kawaida, nakaa kitandani nimevaa raba.

Ile siku ya kanga naikumbuka, mama. Nilikuwa naikumbuka siku zote. Nilidhani nilikuwa naumwa na wewe ukanionea huruma. Wenzangu wakiambiana mambo ya utotoni mimi nilikuwa nasimulia hiyo.

Nina swali moja na nataka jibu la kweli. Kama hao madaktari wasingekuja na mashine yao, ungeniambia lini?

Zuwena


Kisarawe
Jumapili, 28 Septemba 2025

Zuwena mwanangu,

Marahaba.

Nisingekuambia.

Nimekaa na swali lako tangu Ijumaa nikitafuta jibu lingine. Nilitaka kuandika ungeolewa ningekuambia, au ungepata mtoto, au mimi nikiwa nafariki. Nimeona yote ni uongo mpya na mimi ule wa zamani bado sijamaliza kuulipia. Nisingekuambia. Ungezeeka na miaka ya karatasi, na mimi ningekuita mtoto miaka miwili zaidi ya haki yangu.

Usimfichie mama yako siri kwa Recho. Mwambie hukujua. Nimemwandikia na yeye, na wale wawili wa vijiti, bi Sikudhani anazo barua zao, nimewaeleza kila kitu mpaka kanga. Wakikasirika wanikasirikie mimi, niko mbali nitavumilia.

Ami yako nimemwambia mbele ya watu. Akasema kumbe kafika umri wa kuolewa. Nikamwambia kafika umri wa kuulizwa, na jibu lako mimi nimeshalisoma. Simu kazima siku nzima kwa hasira, tumepumzika wote.

Alhamisi nilikwenda wilayani na mama Bilali na kadi yake. Nikaapa mbele ya wakili, mkono juu. Akaniuliza kwa nini nilidanganya. Nilikuwa nimejiandaa kusema umaskini, likanitoka lingine, nikasema nilimwona mwanangu mdogo. Kaandika kitu, sijui kaandika lipi.

Tarehe 22 Desemba nakuja. Hata ukisema usije, nakuja. Nitafikia kwa bi Sikudhani huko Zegereni, asubuhi tutakwenda Dar wote wawili. Daktari akiuliza umri nitasema mimi. Halafu wakikupaka hayo mafuta na mimi nataka niuangalie huo moyo, kama umenenepa au umepungua nitaambiwa na wanaojua, mimi nataka kuuona tu unavyofungua. Kupiga kwake nilikusikia tumboni miezi mitano kabla ya mtu yeyote. Uso wake sijawahi kuuona.

Mpaka hapo sijui kama nimekuokoa. Kila nikiswali namwomba Mungu iwe nimekuvunjia mwaka bure.

Mama yako,
Biubwa